Vipimo viwili, majibu mawili: polipu ya tumbo la chakula hutambuliwaje hasa?

#1 BintiWaUmoja

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo limetutatiza nyumbani kwa miezi kadhaa sasa.

Mama yangu ana umri wa miaka 63 na tunaishi naye hapa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu. Mwaka jana alianza kuchoka ovyo, hata akawa akipanda ngazi anasimama mara mbili, kiganja ukutani, akisingizia kwamba anatafuta ufunguo. Alipopimwa, kiwango cha damu kilikuwa 6.4, akalazwa na kuongezwa painti mbili. Daktari akaagiza apigwe kamera ya tumbo. Kamera ilionyesha polipu, yaani kinyama kilichoota ndani, moja kubwa ya kama sentimita 3, yenye kikonyo, sehemu ya chini ya tumbo la chakula karibu na mlango wa kuingilia utumbo mwembamba, na nyingine ndogondogo sita au saba sehemu ya juu. Picha tulipewa kwenye karatasi, nne kwa pamoja. Ile kubwa inafanana na zambarau iliyoiva, ila ncha yake imechubuka na ina utando mweupe kama maziwa yaliyoanza kuganda.

Vipande vilikatwa vikapelekwa maabara. Jibu la kwanza lilisema ni polipu ya haipaplastiki, yaani utando wa ndani umeota kupita kiasi. Tukaenda kwa daktari wa pili, kamera ikarudiwa, na maabara nyingine ikaandika kwamba imeona utando uliovimba tu, kwamba vipande ni vidogo na havikufika chini, na kwamba haiwezi kuondoa uwezekano wa aina adimu ya uvimbe uliojificha chini ya utando huo.

Daktari wa kwanza anasema tutibu bakteria wa H. pylori kwanza kisha tungoje miezi kadhaa. Wa pili anataka polipu ikatwe sasa, mengine yafuate. Tumfuate nani?

#2 MzeeKariobangi

Pole sana, binti. Kabla hujahangaika na majina makubwa, uliza jambo moja: mama ametumia dawa za kupunguza asidi kwa muda gani? Mke wangu alimeza omeprazoli kila asubuhi kwa miaka minne, na alipopigwa kamera wakamkuta na vinyama kumi na viwili. Daktari alimwambia wazi kwamba vinatokana na dawa. Aliiacha, na mwaka uliofuata vilikuwa vimebaki vitatu. Kwangu mimi chanzo kinajulikana.

#3 MuuguziMstaafu

Mzee, ulichoambiwa ni kweli lakini kinahusu aina moja tu. Polipu zinazohusishwa na matumizi ya muda mrefu ya omeprazoli na ndugu zake huota sehemu ya juu na ya kati ya tumbo, penye tezi zinazotengeneza asidi, na kwa kawaida huwa ndogo, laini, zenye rangi ile ile ya utando unaozizunguka. Sehemu ya chini haina tezi za namna hiyo. Kwa hiyo maelezo yako yanaweza kutosha kwa zile sita au saba ndogo, lakini hiyo zambarau ya karibu na mlango ina asili nyingine.

Naomba pia mtu yeyote anayesoma hapa asikimbilie kuacha dawa yake usiku huu kwa sababu ya uzi. Kuna watu wanaoitumia kwa sababu ya vidonda vilivyowahi kutoka damu, na kwao kuiacha ghafla ni hatari kuliko vinyama vyenyewe.

#4 BintiWaUmoja

Asanteni. Omeprazoli ametumia kwa miaka mitatu hivi, lakini si kila siku. Huinunua mwenyewe dukani kila anapohisi kiungulia, akimaliza karatasi moja anapumzika. H. pylori alipimwa kwa damu na jibu likawa chanya.

#5 FundiWaDarubini

Nimefanya kazi katika maabara ya patholojia hapa mjini kwa miaka kumi na minne, nikikata na kupaka rangi tishu za aina hii kila siku, kwa hiyo niseme upande ninaoujua.

Majibu mawili yasiyofanana si lazima yawe na maana kwamba mmoja amekosea. Koleo linalopitishwa ndani ya kamera hubandua kipande cha milimita 2 au 3 hivi. Mtu akikuletea vipande vitatu vya namna hiyo kutoka kwenye polipu ya sentimita 3, ni kama amekuletea ganda la embe akakutaka umwambie hali ya kokwa. Ukikata penye kidonda cha juu, utaona uvimbe na usaha. Ukikata pembeni, utaona vishimo vya utando vilivyorefuka na kupinda, na hapo utaandika haipaplastiki. Kama kitu chenyewe kiko chini ya utando, hutakiona kabisa, kwa sababu koleo halikukifikia.

Mara ngapi nimepokea chupa moja ndogo ya fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu, imeletwa na ndugu wa mgonjwa ndani ya mfuko wa karatasi baada ya kupanda nayo matatu mbili, na ndani yake vipande vya polipu kubwa, vya polipu ndogo na vya utando wa kawaida vimechanganywa vyote pamoja! Juu ya karatasi ya ombi kumeandikwa neno moja tu, “tumbo”. Ninyi mliandikiwa chupa ngapi? Swali hilo lina uzito kuliko la nani ni daktari bora.

Ushauri wangu ni huu. Vile vibao vya kioo pamoja na vipande vilivyogandishwa ndani ya nta huhifadhiwa maabara kwa miaka. Omba vyote kutoka maabara zote mbili, uvipeleke kwa mtaalamu mmoja wa patholojia avisome kwa pamoja, akiwa na hizo picha nne mezani.

#6 BintiWaUmoja

Chupa moja, mara zote mbili. Na ni mimi niliyeibeba.

#7 KijanaGithurai

Nimesoma yote kwa makini, na shangazi yangu aliyeketi hapa anasema mnazunguka bure. Anasema swali ni moja: mama anakula odowa, yale mawe laini ya kutafuna?

#8 BintiWaUmoja

Umejuaje? Huzifunga kwenye pindo la leso akidhani sioni. Nasikia zinavyovunjika usiku, kwa, kwa, kama mtu anayetafuna vigae. Alianza mwaka juzi, na alipotoka hospitali alizipunguza.

#9 KijanaGithurai

Shangazi anapiga makofi. Kwa mujibu wake mawe hayo ndiyo yaliyokwangua tumbo hadi likaota nyama.

#10 MuuguziMstaafu

Mwambie shangazi ameona kweli, ila ameshika mkia akidhani ni kichwa. Hamu ya kula udongo, odowa, barafu au mchele mbichi ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma. Polipu iliyochubuka huvuja damu kidogo kidogo, matone yasiyobadilisha hata rangi ya choo, na baada ya miezi akiba ya chuma mwilini huisha. Hapo ndipo hamu inapokuja. Angalia alivyosema binti mwenyewe: baada ya kuongezwa damu, odowa zilipungua. Ninachokubali kwa shangazi ni kwamba udongo unaweza kuzuia chuma kufyonzwa vizuri, kwa hiyo unaongeza tatizo.

#11 MpungaMwea

Mimi naleta hoja nyingine. Mama alikulia wapi? Kwetu Mwea, watu waliochezea mifereji ya mashamba ya mpunga utotoni wengi wao wana kichocho, na nimesoma kwamba kichocho huotesha polipu. Tena mayai yake hukaa chini ya utando, mahali ambapo Fundi amesema koleo halifiki.

#12 FundiWaDarubini

Hoja si mbaya, na aina ya kichocho inayopatikana Mwea ni ile ya matumbo. Hata hivyo polipu zake huonekana kwenye utumbo mpana, si kwenye tumbo la chakula, ambako ni nadra mno. Kama mayai yangekuwepo kwenye vipande, msomaji angeyaona, kwa sababu yana mwiba ubavuni usioweza kuusahau. Kupima choo si gharama kubwa, lakini nisingeiweka mbele.

#13 BintiWaUmoja

Mama ni mzaliwa wa Machakos. Mto wao ulikuwa na maji mwezi mmoja kwa mwaka.

#14 TabibuZamuYaUsiku

Nitaandika kwa uangalifu kwa kuwa sijamwona mgonjwa, na ninachosema hakichukui nafasi ya madaktari wake.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Sote tunaitazama polipu kana kwamba imeota jangwani. Polipu nyingi za haipaplastiki huota juu ya utando ambao tayari ni mgonjwa, na ugonjwa wa utando huo ndio wenye maana zaidi kwa miaka ijayo. Kwa sababu hiyo, pamoja na kukata polipu, vipande huchukuliwa pia kutoka utando unaoonekana wa kawaida, sehemu ya chini na sehemu ya juu, kila kimoja katika chupa yake yenye jina. Chupa moja, binti, ina maana kwamba kazi hiyo ama haikufanyika, ama ilifanyika ikapotea ndani ya mchanganyiko.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mwanamke wa miaka 63 mwenye upungufu wa damu na vinyama vingi vidogo sehemu ya juu anaweza kuwa na ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za asidi. Tezi zikifa, asidi hupungua, chuma hakifyonzwi vizuri, na baadaye vitamini B12 nayo hukosekana. Mwili ukiona hakuna asidi, hupandisha homoni ya gastrini ili kuzichochea tezi ambazo hazipo tena, na homoni hiyo ikikaa juu kwa miaka huziamsha seli fulani zinazotengeneza homoni zikaota vivimbe vidogo. Kwa kamera vinafanana kabisa na polipu za kawaida. Vingi vya aina hiyo, vikiwa chini ya sentimita 1, huenda polepole na mara chache husambaa, lakini ni lazima vitambuliwe kwa jina lake, kwa sababu vipo vingine vya familia hiyo hiyo vinavyoota kimoja kimoja pasipo gastrini kupanda, na hivyo si vya kuchezea.

Kwa hiyo nauliza: je, B12 imepimwa? Gastrini? Na mama analalamika ganzi miguuni?

#15 BintiWaUmoja

B12 haijapimwa. Miguuni anasema anahisi kama amekanyaga siafu, hasa usiku. Nilipomuuliza sasa hivi amejibu kwamba ni ndara mpya nilizomnunulia.

#16 MzeeKariobangi

Kwa hiyo omeprazoli yangu imezikwa rasmi?

#17 TabibuZamuYaUsiku

Haijazikwa, mzee. Dawa hizo nazo hupandisha gastrini na, zikitumiwa miaka mingi, zinaweza kushusha B12. Ndiyo maana kipimo cha gastrini kikifanywa mgonjwa akiwa anazitumia hutatiza msomaji. Umepunguziwa cheo tu.

#18 ShangaziRongai

Naomba nieleze ya kwetu, kwa sababu neno “adimu” limenigusa.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa salama, lakini alipofika miaka mitatu midomo yake ikaanza kutoka madoadoa meusi, kama mtu aliyenyunyiza kahawa, na ndani ya mashavu vilevile. Tulidhani ni kalamu. Alipofika darasa la sita akaanza kupata maumivu ya tumbo ya kuja na kuondoka, na siku moja akapelekwa hospitali usiku, ikabainika kwamba utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unapouvua kwa haraka. Aliyeuvuta alikuwa polipu. Alipasuliwa, na daktari alipoona midomo yake akauliza mara moja kuhusu familia.

Ugonjwa huo unaitwa Peutz-Jeghers. Peutz alikuwa daktari wa Uholanzi aliyeueleza mwaka 1921, na Jeghers wa Marekani akaandika juu yake mwaka 1949 pamoja na wenzake. Unatokana na hitilafu katika jeni ya STK11, na mzazi mwenye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto. Polipu zake hukaa zaidi kwenye utumbo mwembamba, lakini tumbo la chakula halisalimiki. Kijana wetu sasa ana miaka 24 na hupigwa kamera juu na chini kwa ratiba.

Mtazame mama midomo. Mkumbuke pia kwamba madoa ya midomoni huweza kufifia mtu akizeeka, kwa hiyo tazama ndani ya mashavu kwa tochi.

#19 BintiWaUmoja

Nimetazama kwa tochi ya simu. Hakuna kitu isipokuwa jino la dhahabu ambalo sikujua analo. Pole kwa mliyoyapitia, shangazi.

#20 MsomajiBuruburu

Katika kundi la magonjwa adimu kuna jingine linaloitwa Cronkhite-Canada, lililoelezwa mwaka 1955 na madaktari wawili wa Marekani, Leonard Cronkhite na Wilma Canada. Kwa hiyo Canada hapo ni jina la mtu. Halirithiwi. Hutokea ukubwani, polipu hujaa tumboni na matumboni, mgonjwa huharisha, hupungua uzito, nywele hunyonyoka, kucha hubanduka na ngozi huwa nyeusi mabakamabaka. Wagonjwa wengi walioandikwa wametoka Japani, na hutibiwa kwa dawa za steroidi pamoja na lishe. Vipi nywele na kucha za mama?

#21 BintiWaUmoja

Nywele zimepungua, lakini amesuka kwa miaka hamsini. Kucha zimekuwa nyembamba na zimebonyea katikati, ukidondosha tone la maji linakaa. Mniambie ukweli, niogope?

#22 MuuguziMstaafu

Kucha iliyobonyea kama kijiko ni ya upungufu wa chuma, tena wa muda mrefu. Ile ya Cronkhite-Canada hubadilika rangi, hunyauka na kubanduka. Tena mama haharishi na uzito wake hujasema umeshuka. Ndugu Msomaji, umetufundisha jambo, lakini ukimtupia mtu jina la namna hiyo saa sita usiku, mtupie na uwezekano wake.

#23 MsomajiBuruburu

Nimekubali. Niwie radhi, dada.

#24 DerevaNgongRoad

Mimi narudi kwenye swali la kwanza, kwa sababu tumeliacha njiani: kutibu bakteria kwanza au kukata kwanza?

Nilikuwa na polipu mbili za haipaplastiki, kubwa ikiwa milimita 8. Nilipewa dawa za siku 14, yaani ya asidi pamoja na antibayotiki mbili, mdomo ukawa mchungu kama nimelamba sarafu. Baada ya miezi minane nilirudi kwenye kamera na hazikuwepo. Daktari hakukata kitu. Ninamuunga mkono daktari wa kwanza.

#25 TabibuZamuYaUsiku

Kisa chako kinalingana na yaliyoandikwa. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa Japani ambapo wagonjwa wenye polipu za haipaplastiki na H. pylori waligawanywa makundi mawili. Katika kundi lililotibiwa bakteria, polipu zilitoweka kwa wagonjwa 12 kati ya 15. Kundi ambalo halikutibiwa halikupata nafuu hiyo. Ni wachache, lakini tofauti ilikuwa wazi.

Ila nina angalizo kuhusu kipimo cha mama. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki miaka mingi baada ya bakteria kuondoka, kwa hiyo hakithibitishi kwamba bakteria yupo leo. Afadhali kipimo cha choo au cha pumzi, na mgonjwa awe ameacha omeprazoli wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo jibu linaweza kuwa hasi la uongo. Baada ya matibabu kipimo hurudiwa, si chini ya wiki nne baada ya kidonge cha mwisho. Hapa Nairobi watu wengi humeza dawa hizo mara tatu, nne, wakisukumwa na kipimo kile kile cha damu ambacho hakitageuka.

#26 KijanaGithurai

Bakteria huyo ndiye yule ambaye daktari wa Australia alimnywa makusudi ili awakomeshe wabishi?

#27 TabibuZamuYaUsiku

Ndiye. Barry Marshall, mwaka 1984, akaugua gastritisi, yaani uvimbe wa utando wa tumbo, siku chache baadaye. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Usiige.

#28 WakiliSouthB

Sikubaliani na Dereva, kwa heshima. Polipu yake ilikuwa milimita 8 na haikuwa ikimwaga damu. Baba mkwe wangu alikuwa na ya sentimita 2 na nusu, damu ikawa inashuka, nasi tukaambiwa tungoje dawa ifanye kazi. Tulingoja miezi saba na katika miezi hiyo akaongezwa damu mara tatu. Ilipokatwa mwishowe, sehemu ndogo ya kichwa chake ilikuwa tayari imeanza kubadilika, hatua ya kabla ya saratani. Tulibahatika kwamba kikonyo kilikuwa safi.

Sisemi dawa haifanyi kazi. Nasema polipu inayovuja na polipu inayokaa kimya hazipaswi kupewa ratiba moja.

#29 DerevaNgongRoad

Hoja yako nimeipokea, wakili. Lakini baba mkwe hakuwa na shaka kuhusu aina. Mama huyu hata aina haijulikani. Utakata kitu usichokijua?

#30 FundiWaDarubini

Mara nyingi ndivyo hasa inavyofanyika, Dereva, kwa sababu kukata polipu nzima ndicho kipimo chenyewe. Inapoletwa nzima, imenyooshwa, kikonyo kimewekwa alama, tunaipasua katikati kutoka kichwani hadi shinani na kuona tabaka zote.

Nami nitaje ninachokishuku, kwa kuwa kila mtu hapa ameshataja chake. Kuna uvimbe adimu uitwao polipu ya uvimbe wa nyuzi, ambao Vanek aliueleza mwaka 1949. Hupenda sehemu ya chini ya tumbo, huanzia chini ya utando, ncha yake huchubuka, na koleo huambulia utando uliovimba tu. Ndani yake mna seli nyembamba zilizojipanga kuzunguka mishipa ya damu kama maganda ya kitunguu, pamoja na chembe nyeupe za eosinofili. Tunazithibitisha kwa rangi maalumu ya CD34, na nyingi zina hitilafu ya jeni ya PDGFRA. Hauna tabia ya saratani na ukitolewa wote kwa kawaida haurudi. Lakini jirani yake wa kufanana naye kwa nje ni uvimbe wa GIST, unaoota ndani ya ukuta wa tumbo, ambao tabia yake hutegemea ukubwa na kasi ya seli kugawanyika. Kwa hiyo kabla ya kukata, ningependa wapitishe ile kamera yenye mawimbi ya sauti waone umetoka tabaka gani.

#31 TabibuZamuYaUsiku

Fundi, naheshimu jicho lako, lakini nitabisha kidogo. Uvimbe wa Vanek kwa kawaida hukaa kama kifundo chenye msingi mpana. Hiki kina kikonyo, ni chekundu, na maabara ya kwanza iliona vishimo virefu vilivyopinda. Polipu ya haipaplastiki iliyochubuka nayo ikikatwa kichwani hutoa jibu lile lile la “utando uliovimba”.

#32 FundiWaDarubini

Daktari, chenye kikonyo kipo pia, nimekikata kwa mikono yangu. Lakini sitaapa.

#33 BintiWaUmoja

Kuna jambo sikulisema kwa sababu sikujua kama linahusika. Mara moja au mbili kwa wiki mama hutapika chakula cha mchana ikifika jioni, kikiwa kizima. Jana ilikuwa ni githeri, na punje za mahindi zilikuwa kama zilivyoingia. Halafu siku nne tano hana shida yoyote.

#34 MuuguziMstaafu

Linahusika sana. Polipu yenye kikonyo karibu na mlango inaweza kusukumwa na mawimbi ya tumbo hadi ikaingia mlangoni na kuuziba, kama kizibo cha kibuyu, kisha ikarudi yenyewe. Ndiyo sababu hali huja na kuondoka. Mweleze daktari kabla hajapanga lolote. Akitapika mfululizo, au choo kikawa cheusi kama lami, au akizirai, msingoje kliniki wala jibu la mtu humu.

#35 WakiliSouthB

Hapo, Dereva, ratiba ya kungoja miezi minane bado unaitetea?

#36 DerevaNgongRoad

Kwa huyu, siitetei. Kwa wengine ninaitetea.

#37 ShangaziRongai

Kwa upande wa kukatwa, usiogope kupita kiasi, binti. Kijana wetu amekatwa mara nyingi. Huchomwa dawa ya usingizi, kitanzi cha waya hupitishwa ndani ya kamera, huvishwa shingoni mwa polipu, kikakazwa na kupitishiwa umeme unaokata huku ukiziba mishipa. Kikonyo kikiwa kinene, kwanza huchomwa adrenalini au kufungwa kwa kitanzi kingine cha plastiki, na baadaye hubanwa kwa vibanio vidogo vya chuma ambavyo hudondoka vyenyewe. Hatari kubwa ni damu, na inaweza kuja hata siku kadhaa baadaye, kwa hiyo usimpeleke shambani wiki hiyo. Kama anatumia aspirini au dawa za kulainisha damu, ataje mapema. Hakikisha pia polipu iliyokatwa imenaswa na kutolewa. Yetu moja iliwahi kuponyoka ikashuka utumboni, hatukuiona tena, wala hatukujua ilikuwa nini.

#38 MpungaMwea

Na bima? Nasikia tangu bima mpya ya serikali, SHA, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, kila mtu ana kisa chake.

#39 MuuguziMstaafu

Aulize kibali mapema, aulize kama kinagusa kamera peke yake au pia kukata na maabara. Hilo lina uzi wake, tusiliingize hapa.

#40 BintiWaUmoja

Ninarudi na habari. Leo nimewapigia madaktari wote wawili. Wa kwanza aliposikia kuhusu githeri alikaa kimya kidogo, kisha akasema huenda dawa zisubiri hadi baada ya kukata, ingawa bado anaamini ni haipaplastiki. Wa pili amekubali vichukuliwe vipande vya juu na vya chini, chupa tofauti, na kwamba ataitazama kwanza kwa mawimbi ya sauti siku hiyo hiyo. Kuhusu zile ndogo amesema atatoa mbili tatu. B12 imechukuliwa asubuhi, gastrini hatukuchukua kwa kuwa mama alimeza omeprazoli jana bila kuniambia. Vibao vya kioo vya maabara ya kwanza ninavyo mkononi, vya pili ninavifuata Ijumaa. Kukata ni Jumanne ijayo.

Ameambiwa asile chochote kuanzia saa nne usiku. Ameniomba niwaulize, kwa heshima zote, kama odowa inahesabiwa kuwa chakula.

#41 MuuguziMstaafu

Inahesabiwa. Ifungue ile leso mwenyewe Jumatatu jioni.

#42 KijanaGithurai

Shangazi anasema usiitupe, mpelekee Fundi aiangalie kwa darubini.